Jiwe la Sumer

Kama kuna maneno ambayo Khangar Singh aliyatamka mara nyingi kuliko jina la Mungu, ni haya: "Hairuhusiwi kugusa." Aliwaambia watalii, akawaambia wanawake wa kijiji, na kuna siku alimwambia mbuzi, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Filimbi shingoni, koti la kaki hata wakati wa joto, na kile kilemba chake cha manjano ambacho alikataa katakata kukivua ili avae kofia ya serikali.

Alikuwa mlinzi wa mawe. Kijiji chetu cha Khuriyala kimo ndani ya hifadhi ya jangwa, na ndani ya hifadhi kuna uzio mwingine, na ndani ya uzio huo mna magofu ya mji wa zamani, kisima chake, na mawe ya mashujaa. Kila jiwe limechongwa mpanda farasi, na kila mpanda farasi ni mtu wa kwetu aliyekufa akiwatetea ng'ombe. Si mapambo yale, ni watu. Mtu akifa kifo cha namna hiyo, na umri wake haujatimia, hapati raha mpaka asimamishiwe jiwe. Ndicho kiti chake. Na akishapata kiti anakuwa mkubwa kuliko sisi sote. Hata baba yake mzazi humvulia kilemba, akapiga magoti mbele yake na kumwambia shikamoo, na mama yake ndiye anayeitikia marahaba kwa niaba yake, maana jiwe halina ulimi. Hapo ndipo anahesabika amepokewa.

Zamani kila mwaka tuliwapaka mafuta na poda nyekundu. Serikali ilipoleta uzio wake ikasema mafuta yanakula jiwe. Bibi Hanja, mjane mwenye ulimi mkali kuliko wote Khuriyala, akauliza, "Mafuta haya haya waliyopaka mama zetu na bibi zetu, leo ndiyo yameota meno?" Khangar akapuliza filimbi. Hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa mtu wa amri tu. Ukimpa neno alishike, hata umkate mkono haliachii.

Hilo la mafuta tulimsamehe. La kisima ndilo gumu. Kila mwaka kabla ya mvua, wanaume walikuwa wakienda na makoleo na kamba kurudishia mawe yaliyolegea ukutani mwa kisima kile cha kale. Uzio ulipowekwa walikwenda vilevile, wakamkuta Khangar amesimama langoni, mikono kiunoni.

"Hata kokoto hairuhusiwi kugusa."

"Ukuta utaanguka, Khangar. Angalia mwenyewe, umetoa tumbo."

"Nimeshapeleka taarifa. Watakuja wataalamu."

Wataalamu hawakuja. Mwaka uliofuata wanaume wakaja tena, wakarudishwa tena, na tumbo la ukuta likazidi kutoka.

Ndipo siku moja mchana ndama wa Bibi Hanja akapenya uzio, akatumbukia kisimani. Sumer, mwana wa pekee wa Khangar, kijana mcheshi, mpenda pikipiki, mwenye mchumba aliyekwisha kubaliwa na wazee, ndiye aliyefika wa kwanza. Kamba ilikuwa moja. Akashuka nayo, baba yake akiishika kwa juu, akamfungia ndama, akapiga kelele kutoka chini, "Vuta, baba!" Khangar akavuta. Ndama alipofika juu, miguu ikimtetemeka, ukuta ukaporomoka wote kwa pamoja, na vumbi likapanda mpaka likafunika jua. Khangar alibaki amesimama pale ameshika kamba, na mwisho wa kamba ndama alikuwa akilia.

Hakuna aliyemwambia, "Ni wewe." Ya nini? Kila alikopita watu walikuwa wanajua, na yeye alijua kwamba wanajua. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Wake wa kwetu hawawaiti waume zao kwa majina, ni aibu. Mkewe Jatan alikuwa akimwita baba Sumer tangu mtoto alipozaliwa, na mtoto alipokufa akaendelea kumwita hivyo hivyo, maana hakuwa na jina lingine la kumwita. Kila akiita, wote wawili walikuwa wanaumia, na hapakuwa na la kufanya.

"Kaja tena," Jatan alisema asubuhi moja, akipiga mkate wa uwele kwa viganja, pa, pa, pa.

"Nani?"

"Unaniuliza nani!" Mkate akautupia kikaangoni kama aliyekosana nao. "Kasimama pale mlangoni, maji yanamchuruzika. Namwambia, pita mwanangu, kaa. Ananijibu, 'Mama, nikae wapi?' Kila nikimwonyesha mahali anasema pana mwenyewe."

Khangar alikuwa ameshika bakuli la mtindi, akaliweka chini. "Nitamsimamishia jiwe hapa uani."

"Aliyefia nje harudishwi chini ya paa. Hilo nalo nikufundishe mimi, mtoto wa watu niliyeolewa huku?"

"Basi pale langoni, nje kidogo ya uzio. Nitakuwa naye mchana kutwa."

"Langoni! Kwani yeye mbwa? Au yeye wewe?" Akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na kwa mengine. "Mababu zake wako ndani, na yeye kafa kwa ajili ya ndama kama walivyokufa wao. Atakaa ndani, ubavuni pa babu wa babu yake."

"Mama Sumer, ndani hairu..."

"Malizia. Malizia hilo neno lako tulisikie."

Hakulimalizia.

"Mababa wa watu walikuja na mawe ya kuziba ukuta, ukawafukuza," Jatan alisema, sasa polepole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Nikanyamaza. Mwili wa mwanangu tukauchoma moto kabla sijamvika nguo ya harusi, nikanyamaza. Umekinyima kisima mawe mangapi, baba Sumer? Mpe mwanao jiwe moja."

Uchungu wa mwana aujua mzazi, lakini wazazi ni wawili, na Khangar naye usiku hakuwa akilala. Alichoka kumsikia mkewe akizungumza na mlango. Akapanda lori la mkaa, akaenda mjini kwa Mehardin.

Mehardin ni fundi mchonga mawe, Mwislamu, na babu zake ndio waliowachongea babu zetu wale wapanda farasi wote. Kati ya familia hizo mbili kuna utani wa siku nyingi, hawawezi kusalimiana bila kutukanana kidogo. Siku hiyo Mehardin alimtazama Khangar usoni, akaacha matusi, akamwekea chai.

"Farasi?" aliuliza aliposikia shida yake. "Sumer huyu huyu? Alikuwa anaogopa farasi kuliko polisi! Harusi ya binamu yake si walimpandisha, akapanda upande huu akatelemkia upande ule?"

Khangar akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikageuka katikati kikawa kitu kingine, na Mehardin akajifanya anatafuta sukari mpaka kikaisha.

"Nimchongee pikipiki basi," alisema kwa upole.

"Farasi. Wenzake wote wako juu ya farasi, atawaonea haya. Na ndama mbele yake. Mama yake anataka ndama."

"Ndama hajawahi kuchongwa na mtu."

"Mchonge wewe. Lakini sikiliza, Mehardin. Chonga kama walivyochonga babu zako. Yale macho makubwa, ile miguu mifupi ya farasi. Nataka lionekane la kale."

Mehardin akaweka kikombe chini. "La kale kiasi gani?"

"La kumdanganya Bwana Lodha."

Bwana Lodha ndiye afisa wa mambo ya kale aliyekuwa akija kukagua mawe kila mwaka, na ukaguzi ulikuwa unakaribia.

"Astaghfirullah! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Khangar Singh, wewe mtu wa kumpulizia mbuzi filimbi, leo unataka kughushi?"

"Litakuwa jiwe kati ya mawe. Ukaguzi ukishapita, nani atajua?"

"Na wakijua? Wewe watakufukuza kazi. Mimi watanifunga, maana fundi ndiye mwenye mkono. Nina watoto, na mkubwa wao bado anashindwa kuvaa viatu bila kukosea miguu."

"Sitakutaja. Wakinichinja sitakutaja. Naapa kwa Sumer."

Kwa kiapo hicho Mehardin akainuka. Akachukua patasi.

Alichonga vizuri, tena vizuri mno, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa. Farasi miguu mifupi, mpandaji macho makubwa yamekodoa, mkono mmoja umeinua mkuki na mwingine umelala juu ya kichwa cha ndama. Kisha wakaanza kulizeesha. Wakalipaka mtindi uliochacha, wakalifukiza kwa moshi, wakalisugua kwa mchanga na mafuta ya haradali, wakalifukia kwenye lundo la samadi ya ngamia hadi likachukua ile rangi ya asali iliyoungua waliyonayo wenzake. Mwisho Khangar akasema sikio la farasi livunjwe. Mehardin alikataa, akasema hajawahi kuvunja kazi ya mkono wake. Khangar akashika nyundo mwenyewe, na jiwe lilipotoa mlio akafumba macho kama aliyempiga mtoto.

Walilisimamisha alfajiri, yeye na Jatan peke yao, ubavuni pa babu wa babu yake, wakalizamisha mpaka magotini mwa farasi ili lionekane limemezwa na mchanga. Jatan alikuja na maziwa, na poda nyekundu amefunga kwenye pindo la mtandio. Akamsogeza mumewe mbele kwa bega.

"Haya. Vua kilemba. Mwamkie."

Khangar akatazama huku na huku. "Si leo."

"Nini?"

"Maziwa na poda vitaonekana, mama Sumer. Nikipiga magoti mchanga utashika alama. Mtu akinikuta nimelipigia magoti jiwe hili peke yake, ataniuliza kwa nini hili. Ngoja ukaguzi upite."

"Asiyeamkiwa hajapokewa. Atakaa tu kama abiria."

"Ni siku chache. Nami ninataka kumwamkia kwa sauti, siyo kwa kunong'ona kama mwizi."

Alikuwa anasema kweli, maskini, na Jatan alijua anasema kweli. Akakunja poda yake. Lakini aliweka kiganja juu ya kifua cha yule mpandaji, akakiacha pale kwa muda mrefu, na Khangar hakupuliza filimbi.

"Kaja?" alimuuliza asubuhi iliyofuata.

"Kaja. Leo kakaa." Jatan alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba, tabasamu dogo, la kuazima. "Lakini muda wote macho yako mlangoni. Nadhani anakungoja wewe."

Bwana Lodha alifika na gari la mizigo na vibarua, si kama kawaida yake. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kofia pana, na aliyapenda yale mawe kwa moyo wake wote; hilo hatuwezi kumnyang'anya. Alikunywa mtindi wa Jatan, akasifu, kisha akaeleza habari mbaya. Mahali fulani upande wa kaskazini wezi walikuwa wameng'oa mawe ya mashujaa na kuyauza nje. Wakubwa wameamua yale mazuri zaidi yapelekwe kwenye jumba la makumbusho mjini, yakalindwe.

"Mazuri zaidi yapi, bwana?" Khangar aliuliza.

"Tutazame."

Wakaanza kutazama. Bwana Lodha alipita jiwe kwa jiwe akinong'ona kama anayesalimia wazee, mara akasimama. Akavua kofia.

"Mzee Khangar. Hili lilikuwa wapi?"

"Upepo, bwana." Uongo alikuwa ameuandaa zamani, ukatoka wenyewe. "Ile tufani ya juzi imehamisha mchanga. Nami nimeliona hivi karibuni."

Bwana Lodha akapiga magoti. Alipiga magoti pale pale mchangani, suruali yake safi na yote, akapitisha vidole usoni mwa mpanda farasi, shingoni, mkononi, mpaka juu ya kichwa cha ndama. Khangar alimwangalia mtu baki akimpigia mwanawe magoti ambayo yeye babake alikuwa bado hajayapiga.

"Ndama," Bwana Lodha alisema kwa sauti ya kuvunjika. "Miaka yote hii sijaona ndama. Unajua umetupatia nini, mzee? Hili halilali hapa hata usiku mmoja." Akawaita vibarua.

"Bwana, hili liache."

"Kwa nini?"

"Huyu ni mwanangu."

Bwana Lodha akainuka, akamwekea mkono begani. "Najua, mzee wangu. Wote ni wenu. Kila kijiji wananiambia hivyo, huyu babu yetu, huyu mtoto wetu. Ndiyo maana nakuheshimu."

"Sivyo, bwana. Mwanangu wa kumzaa. Sumer. Alikufia kwenye kisima kile pale."

Habari za kisima Bwana Lodha alikuwa amekwisha zisikia. Uso wake ukajaa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomziba masikio. "Pole sana. Msiba humfanya mtu amwone mwanawe kila anapogeuka. Mimi nilipofiwa na mama nilikuwa nasikia bangili zake sokoni."

"Jiwe hili ni jipya!" Khangar alipaza sauti. "Siyo la kale, ni jipya, tumelizeesha kwa mtindi na samadi!"

Vibarua wakacheka. Bwana Lodha hakucheka. Alilitazama jiwe, akamtazama mzee.

"Haya. Kalichonga nani?"

Jina lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Angelisema tu, neno moja, jiwe lingebaki. Na jioni yake polisi wangekuwa nyumbani kwa Mehardin, kwa yule mtoto asiyejua kuvaa viatu. Na alikuwa ameapa kwa Sumer. Akilivunja hilo, huyo Sumer anayemtetea angemwangalia kwa jicho gani?

"Nakuuliza, mzee. Nani kalichonga?"

"Sijui," Khangar alisema.

"Unaona," alijibu Bwana Lodha kwa upole, akageuka.

Kelele zilimfikia Jatan nyumbani. Alikuja mbio, mtandio umefunika uso mpaka kidevuni, kama inavyompasa mke mbele ya wanaume wageni, na alipofika akaufunua wote. Bibi Hanja aliyekuwa nyuma yake akashika mdomo.

"Baba Sumer, sema!"

"Nimesema."

"Sema tena!"

"Nimesema, mama Sumer! Hawanisikii!"

Bwana Lodha akamkabili kwa heshima, akiangalia chini. "Mama, msiwe na wasiwasi. Huko atakuwa salama. Jua halitamchoma, mvua haitamnyeshea, hakuna mtu atakayemgusa."

Alidhani anamfariji. Jatan akatoa sauti ambayo hatukuisikia hata siku ya msiba, akaenda akalikumbatia jiwe, na wanawake wanne wakamtoa kidole kimoja kimoja. Vibarua wakalifunga jiwe kwa magodoro, wakalizungusha kamba. Lilikuwa zito. Kibarua mmoja akageuka, akamwona mzee mwenye koti la kaki amesimama bure.

"Mzee, shika huku! Vuta!"

Na Khangar akashika, akavuta. Usiniulize kwa nini. Mikono iliyozoea amri huitikia kabla mwenyewe hajafikiri. Alipotambua alichokifanya jiwe lilikuwa limekwisha panda, na mlango wa nyuma wa gari umefungwa.

Tangu siku hiyo Jatan hakumwita tena baba Sumer. Hakumwita kitu. Akisema, alisema na ukuta: maji yako pale, chakula kimeiva. Khangar aliitundika filimbi msumarini. Kabla ya mvua wanaume walikuja na makoleo na kamba, wakaingia ndani ya uzio, wakakijenga kisima mawe juu ya mawe mpaka ukuta ukanyooka, na yeye akakaa langoni ameangalia barabara, hata hakugeuka. Jioni aliinuka akawapelekea maji ya kunywa. Walipokea. Mmoja wao, mtu mzima kabisa, alikuwa analia.

Mvua zilipopita akamwambia mkewe, "Haji?"

Jatan alikuwa anamlisha yule ndama, sasa mtamba mnene. Bibi Hanja alimpa, na mnyama alikuwa akimfuata kila aendako. "Haji," aliuambia ukuta. "Afadhali alipokuwa anakuja bila pa kukaa. Sasa haji kabisa."

"Basi twende sisi."

Wakaenda. Basi liliwashusha mjini mchana wa jua kali, wakaulizia jumba la makumbusho, wakafika. Mlangoni wakavua viatu kwa mazoea. Wakaambiwa haina haja. Wakaviacha vilevile, wakaingia miguu mitupu kwenye sakafu baridi inayong'aa.

Sumer alikuwa chumba cha mwisho, juu ya jukwaa, taa imemulika uso wake. Kamba nyekundu ya kitambaa ilimzunguka. Walikuwa wamemwosha, na ile rangi ya asali iliyoungua ilikuwa bado imemshika. Mtindi wa Jatan na samadi ya ngamia havikuwa vimefanya kazi ya mchezo. Watoto wa shule walikuwa wanacheka miguu ya farasi, mwalimu akawavuta wakaenda mbele.

Jatan alisimama kama anayeogopa kumwamsha. Hakukuwa na tone la maji karibu yake, wala ua, wala nukta ya poda nyekundu. Palikuwa na kibao.

"Wameandika nini?" Kusoma hakujui.

Khangar alikisoma kimoyomoyo, akakisoma tena. Angeweza kumdanganya. Uongo mtamu ulimjia, tena mwingi. Lakini uongo ndio uliowafikisha pale.

"Wameandika, 'Shujaa asiyejulikana.'"

Jatan hakulia. Alikitazama kile kibao, akamtazama mwanawe, kisha akamgeukia mumewe na kumwangalia usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu gari lile lilipoondoka.

"Baba Sumer," alisema. "Mjulishe."

Khangar akavua kilemba. Kichwa chake, ambacho wengine wetu hatujawahi kukiona, kilikuwa kimeota mvi chote. Akaanza kushuka, goti moja, la pili, mkono umeshika sakafu. Mlinzi wa chumba, mtu wa makamo mwenye koti la kaki na filimbi shingoni, akaja haraka.

"Mzee! Hairuhusiwi kugusa."

"Najua, ndugu yangu. Najua kuliko wewe. Sigusi."

Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Shikamoo, Sumer," alisema. Akarudia kwa nguvu, mwalimu na watoto wakageuka huko walikokuwa. "Shikamoo, mwanangu! Ni mimi baba yako. Ni mimi niliyevuta kamba."

Mlinzi alikuwa ameshika filimbi, hakuipuliza. Jatan akashusha mtandio usoni, na kwa ile sauti ambayo mama humjibia mtoto ambaye bado hajajua kusema, akaitikia.

"Marahaba, baba."